Elimu bure ipo, shule kila kata ipo, sasa mtoto wa kusini anakwama wapi?

#1 Kijana wa Mikindani
Wakuu habari za jioni. Kuna jambo linaniwasha na najua wengine mtanuna. Kila matokeo yakitoka tunalia kusini tumesahaulika, kusini hatuna hiki wala kile. Haya, ada ya msingi ilifutwa, ya sekondari ikafutwa 2016 kuanzia fomu wani mpaka siksi, kila kata ina shule, bodi ya mikopo ipo, VETA zipo Mtwara na Lindi. Nafasi ni ileile anayopewa mtoto wa Moshi au Bukoba. Mimi nasema watoto wetu hawana kiu, basi. Mkapa katokea Lupaso kule Masasi, kijijini kabisa, enzi hizo hakuna lami wala umeme, akafika Makerere na mwisho Ikulu. Huyu wa leo mwenye simu mkononi anashindwa nini? Kipaji kikikutana na juhudi mtu anatoboa popote alipo. Nipingeni kwa hoja, matusi pelekeni kwingine.

#2 Chikundi Stendi
Nakaa siti ya mbele, korosho za kuchoma ninazo.

#3 Mwalimu Chaki
Mleta mada weka kumbukumbu sawa kwanza. 2016 ilifutwa fomu wani mpaka foo tu, ile elfu 20 ya kutwa na elfu 70 ya bweni. Faivu na siksi wamekuja kufutiwa mwaka wa fedha 2022/23. Ya msingi ni ya zamani, wakati wa MMEM (mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi) iliyoanza 2002, na rais alikuwa huyohuyo Mkapa unayemtaja.

Halafu ada kufutwa sio gharama kufutwa. Mimi nafundisha shule ya kata Tandahimba, mtoto anatoka kijiji cha mbali, hosteli hakuna, anapanga chumba. Miaka 14 anapanga chumba mjini peke yake, anajipikia, kodi inatoka kwenye korosho za baba, zikiyumba kodi inayumba. Uniambie huyu na yule anayepelekwa na gari mpaka getini wana nafasi ileile.

#4 Kangomba Huru
Mwalimu kaanza na kiboko mapemaaa 😂

#5 Kijana wa Mikindani
@Mwalimu Chaki sawa miaka umeipanga vizuri ila hoja yangu iko palepale. Kwani wa zamani hawakutembea kwa miguu? Na kupanga chumba mbona hata chuo watu wanapanga.

#6 Mama Wawili Nanyamba
Mimi nitasema langu. Darasa la saba nilikuwa kipanga, mitihani ya mock nilikuwa naongoza na wavulana wote nyuma. Usiku wa kuamkia mtihani wa taifa baba akaniita akasema binti yangu kesho jaza chochote, ukifaulu mimi nitatoa wapi hela, nitaaibika mbele ya watu. Hakunifokea hata kidogo, alisema kwa upole kabisa na ndio maana iliniuma. Nikajaza majibu sahihi. Nikafaulu, nikakaa nyumbani, januari ikapita. Hiyo ni kabla ya hiyo 2016. Sasa wewe unayesema kiu, kiu nilikuwa nayo mimi, na baba naye hakuwa mtu mbaya. Kosa la nani hapo? Na sikuwa peke yangu, waulizeni walimu wa zamani wa huku kuhusu watoto kuambiwa wafeli kwa makusudi.

#7 Mwalimu Chaki
@Mama Wawili pole sana dada. Ni kweli kabisa, ilikuwepo, na bado tunaikuta ila siku hizi kwa kificho.

#8 Kibosho Mpole
Naomba niingie japo mimi sio wa huko, nafanya kazi Mtwara mjini mwaka wa pili huu. Kwetu Moshi hakuna muujiza. Kahawa ilitoa hela mapema, misheni zikajenga shule mapema, halafu miaka ya sabini serikali ilipoanza kugawa nafasi za fomu wani kwa mikoa ili na wengine wapate, wazee wetu waliona watoto wanafaulu na wanaachwa, wakachanga wakajenga shule zao binafsi. Yaani ile kugawa nafasi sawa ndio ilituongezea shule. Mzazi wa kwetu anauza ng'ombe mtoto asome. Huku naona mtu ana hela ya korosho msimu mmoja ananunua pikipiki mbili.

#9 Kangomba Huru
Ng'ombe mlikuwa nao wa kuuza. Sisi tulikuwa na ming'oko, viazi vya kuchimba porini, ungemuuzia nani ming'oko wewe

#10 Babu wa Ndanda
Vijana shikamooni mnazitoa wapi, hamsalimii hata mkubwa akiingia.

Nimsahihishe mleta mada kwenye la Mkapa. Kweli Lupaso ni kijiji, amezaliwa 1938, lakini tazama alikopita. Ndanda, Kigonsera, Pugu, zote za misheni ya Katoliki, ndio Makerere akamaliza 1962. Ndanda Wabenediktini walikuwepo tangu 1906, na Masasi Waanglikana walikuja hata kabla ya Mjerumani, tangu 1876. Kwahiyo mtoto wa Masasi miaka ya hamsini alikuwa jirani na shule nzuri kuliko watoto wengi wa nchi hii. Aliyezaliwa mwaka uleule Liwale ndani, au kisiwani Songosongo, akili sawa na Mkapa, hatumjui jina. Na nafasi zilikuwa chache mno, ukipata umepata. Kichwa alikuwa nacho, sikatai, nasema tu kichwa kilikuwa na mlango wa kupitia.

Na wewe wa Kibosho umesema vizuri, ila hiyo migao ya mikoa ndio imetutoa sisi wengine. Mimi bila mgao wa mkoa nisingeiona fomu wani. Alama zangu mbele ya mtoto wa Moshi zilikuwa chini. Nilipofika bweni, tukawekwa dawati moja, mwaka wa pili tulikuwa tunapishana nafasi moja moja. Sasa nani alikuwa na kipaji kati yetu?

#11 Chikundi Stendi
Shikamoo babu 🙏 umeua

#12 Msuli Usiku Kucha
Naona watu mnazunguka. Sayansi imeshamaliza hii mada zamani, ni masaa elfu kumi ya mazoezi, ukiyatimiza kwenye jambo lolote unakuwa bingwa. Kipaji ni hadithi. Kuna Mhungari anaitwa László Polgár aliamua kabla watoto hawajazaliwa kwamba atawafanya mabingwa, akawafundisha chesi mabinti zake watatu nyumbani, mdogo Judit akawa grandimasta 1991 ana miaka 15. Hao hawakuzaliwa na chochote, ni kazi tu.

#13 Posta ya Zamani
@Msuli Usiku Kucha punguza mwendo. Ile elfu kumi inatokana na utafiti wa Anders Ericsson na wenzake wa 1993 kwa wapiga violini wa chuo cha muziki Berlin. Ilikuwa ni wastani wa wale bora mpaka wanafika miaka 20, wengine walikuwa chini ya hapo. Hakuna aliyesema ukifika elfu kumi unapewa cheti, hilo lilikuja kukuzwa baadaye na waandishi, Ericsson mwenyewe alilalamika.

Na huyo Polgár unamtoa kama mfano wa juhudi tupu, mbona mimi naona mfano wa nafasi? Baba na mama wote walimu, nyumba imejaa vitabu vya chesi, wanawafundisha wenyewe. Mpe mtoto wa kijijini Kitaya huku Mtwara hiyo nyumba tuone.

#14 Msuli Usiku Kucha
Kwahiyo unakubali kwamba kipaji sio ishu. Asante.

#15 Posta ya Zamani
Sijasema hivo bana. Wale wapiga violini walikuwa tayari wamechujwa wakaingia chuo kikubwa, waliochujwa nje hatujui walipiga masaa mangapi. Hicho chujio ndio kinachobishaniwa humu tangu #1.

#16 Kijana wa Mikindani
Mnaniletea violini jamani. Nawauliza jambo rahisi. Darasa moja, mwalimu mmoja, kijiji kimoja, mmoja anapata divisheni wani mwingine ziro. Nafasi si ileile? Kilichotofautiana ni nini kama sio mtu mwenyewe?

#17 Binti wa Ruangwa
Nikujibu kwa swali. Mtihani wa fomu foo wa 2012, matokeo yalitoka februari 2013, takribani asilimia 60 ya watahiniwa nchi nzima walipata ziro. Kelele zikawa nyingi, tume ikaundwa, matokeo yakapangwa upya wengi wakapanda. Watoto walewale, karatasi zilezile. Je ule mwaka nchi nzima ilikosa kiu, halafu kiu ikarudi baada ya matokeo kupangwa upya?

#18 Kangomba Huru
Hapo ungemkuta anakunywa maji ingekuwa hatari

#19 Kijana wa Mikindani
Hiyo ni kesi ya mwaka mmoja.

#20 Nahodha Msimbati
Mimi naona mnakwepa jambo moja kwa aibu. Jando na unyago. Mtoto wa miaka kumi anatoka likumbi, kambi ya jando, anaambiwa umeshakuwa mtu mzima, binti anachezwa anafundwa mambo ya ndoa, jumatatu arudi kukaa kwenye dawati aitwe mtoto na mwalimu. Ndoto ya shule inatoka wapi?

#21 Somo Asha
@Nahodha Msimbati kila uzi wa elimu kusini lazima mtu aje na unyago, nilikuwa nahesabu ni post ya ngapi. Mimi nimechezwa, nina digrii, na mdogo wangu kachezwa ni muuguzi. Ngoma zinapigwa likizo ya mwezi wa sita na wa kumi na mbili. Tena babu hapo juu amewataja Waanglikana wa Masasi, hao hawakuipiga vita jando, Askofu Lucas aliichukua akaitia ndani ya kanisa, na Masasi ndiko shule zilistawi. Kama jando ndio inaua shule, Masasi ingekuwa ya mwisho.

Mimi nawaambia angalieni kalenda. Msimu wa korosho unaanza mwezi wa kumi unaenda mpaka mwaka mpya. Fomu foo wanafanya mtihani wa taifa mwezi wa kumi na moja. Yaani wakati wa kujisomea ndio wakati wa kuokota, na asiyeokota zinaibiwa. Kwa wakulima wa mahindi kule nyanda za juu mwezi huo shamba halina cha kuvuna. Hili hamlisemi kwa sababu halina utamu kama habari za unyago.

#22 Nahodha Msimbati
Sijasema ni sababu pekee dada. Ila wapo wanaofundwa wakapotea, usikatae. Na sio ngoma zote zinasubiri likizo.

#23 Somo Asha
Wapo. Na waliopotea bila kufundwa wapo.

#24 Nesi wa Liwale
Mnaongelea kipaji kama kitu kinaanguka kutoka mbinguni. Mimi nipo kliniki ya mama na mtoto, kipaji nakiona kinapunguzwa kabla hakijazaliwa. Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulionyesha asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Udumavu sio urefu tu, na ubongo umo. Jingine ambalo ni letu kabisa ni chumvi. Ya huku tunayovuna mashamba ya pwani Lindi na Mtwara nyingi inauzwa kwenye vifurushi bila kutiwa madini joto. Mama mjamzito akikosa madini joto mtoto anaathirika akili, hilo halina ubishi duniani. Sasa huyo akifika darasa la kwanza anachelewa kushika, tunamwita kilaza, tunasema hana kiu.

#25 Kangomba Huru
Lakini nesi si tunakula samaki sisi?

#26 Nesi wa Liwale
Wa pwani anasaidika na samaki, kweli. Liwale, Nachingwea, Nanyumbu samaki wa baharini anafika mara ngapi, na bei gani?

#27 Kibosho Mpole
@Nesi kwa hiyo unasema watoto wa huku hawana akili? Nauliza tu maana inaelekea huko.

#28 Nesi wa Liwale
Hapana na usinilishe maneno. Nasema wapo waliopunguziwa na ilizuilika kwa pakiti ya chumvi. Mlimani kwenu goita, ule uvimbe wa shingo, zilikuwa tele miaka ya nyuma kwa sababu hiyohiyo, mkaletewa chumvi yenye madini. Mbona hamkuitwa wajinga?

#29 Kibosho Mpole
Sawa nimekaa.

#30 Posta ya Zamani
Nesi amenikumbusha, huyo Binet wa Ufaransa aliyetunga kile kipimo cha akili 1905 alikitunga shule zijue mtoto yupi asaidiwe. Wengine ndio wakakigeuza kuwa cha kupanga watu juu na chini.

#31 Fundi Kompresa
Habari. Mimi ziro ya 2009, natengeneza mafriji na AC Mtwara mjini, nina vijana wanne chini yangu. Fizikia ya darasani sikuielewa hata siku moja maana ilikuwa inasemwa kizungu na mwalimu mwenyewe anaogopa kizungu. Miaka saba ya msingi unasoma kiswahili, ukivuka tu kila kitu kinabadilika, unaanza kukariri. Leo nikikushikia kompresa nakuelezea gesi inabanwa vipi na joto linatoka wapi bila daftari. Je mimi nilikosa kipaji cha fizikia au nilikosa kizungu? Naona sasa wameleta mkondo wa amali, yaani wa ufundi, sekondari, ni vizuri, ila kwangu imechelewa.

#32 Msuli Usiku Kucha
Lakini lugha si wote tunakutana nayo? Wa Dar shule ya kata naye anakutana nayo.

#33 Fundi Kompresa
Wa Dar ana jirani anayemsikia akiongea, ana tuisheni mtaa wa pili. Mimi kijijini kizungu nilikisikia redioni na kwa padri.

#34 Binti wa Ruangwa
Kwenye uzi huu mpaka sasa kipaji ni divisheni tu. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru hapo jirani, akaanza kuchora na rangi za mafuta kwenye ubao bila shule yoyote ya sanaa, mpaka leo jina lake ndio jina la mtindo mzima. Wachongaji wa kimakonde vinyago vyao viko makumbusho za Ulaya. Ungewapima kwa mitihani ya NECTA wangetoka na nini?

#35 Kijana wa Mikindani
Unaona, wametoboa bila nafasi. Umenisaidia kuongea.

#36 Binti wa Ruangwa
Wangapi walikuwa na mkono uleule wakaishia kuchonga mipini ya majembe? Unahesabu waliotoboa tu.

#37 Posta ya Zamani
Niongeze moja halafu nilale. Stanford kule Marekani, Walter Mischel na wenzake walikuwa wanampa mtoto pipi moja, wanamwambia usipoila mpaka nirudi nakupa mbili. Waliovumilia ilionekana baadaye wanafanya vizuri shuleni, watu wakasema ndio huo utashi, ndio kiu anayoisema mleta mada. Sasa 2013 Celeste Kidd na wenzake wa Rochester wakabadilisha kidogo. Kwanza wakawaahidi watoto rangi nzuri za kuchorea. Kundi moja wakaletewa, kundi jingine wakaambiwa samahani hazipo. Ndio wakapewa mtihani wa pipi. Waliodanganywa wengi walikula mapema, walioletewa walisubiri muda mrefu zaidi. Tabia ya kusubiri ilitegemea mtu mzima alitimiza ahadi au la.

#38 Kangomba Huru
Hahahaha hiyo si ni malipo ya pili ya korosho 😂😂😂 tulipewa ya kwanza tukaambiwa subirini ya pili, tukasubiriiii. Mnashangaa kwanini mtu anauza kwa kangomba, kwa walanguzi wa bei ya chini hela mkononi, amekula pipi yake mapema huyo

#39 Mwalimu Chaki
@Kangomba Huru umecheka lakini umegonga. Mtoto wa huku ameshuhudia ahadi ngapi? Babu zake waliona reli inajengwa kutoka Mtwara mpaka Nachingwea ya mradi wa karanga wa Mwingereza, mradi ukafa, reli ikang'olewa. Gesi ilipopatikana tukaambiwa Mtwara itakuwa Dubai, 2013 maandamano ya gesi yakaishia mabomu ya machozi. Halafu mimi nasimama mbele ya darasa namwambia soma miaka kumi na sita utalipwa mwishoni. Huku kaka yake mwenye digrii yuko nyumbani anapulizia mikorosho salfa. Sio kwamba hana ndoto, anapiga hesabu.

#40 Babu wa Ndanda
Mwalimu hapo unamtetea mno. Sisi ahadi tulizovunjiwa ni nyingi kuliko hawa na tulisoma. Kuna uvivu pia, tusiufiche. Nina wajukuu wawili wa tumbo moja, chakula kimoja, mmoja nikimnyang'anya kitabu analia, mwingine nikimpa kitabu analia.

#41 Chikundi Stendi
😂😂😂 babu

#42 Nesi wa Liwale
Tumbo moja sio mimba moja babu. Mmoja alizaliwa mwaka wa njaa?

#43 Babu wa Ndanda
Ni mapacha, nesi.

#44 Kangomba Huru
Uzi umefika patamu, nesi amekwama

#45 Nesi wa Liwale
Sijakwama, nipo zamu. Nitarudi.

#46 Kijana wa Mikindani
Babu asante. Mapacha! Nimesubiri post 43 mtu aseme hivi.

#47 Somo Asha
Mapacha wawili wa babu mmoja anayejua Makerere ni nini. Nani alimletea hicho kitabu cha kulilia?

#48 Mama Wawili Nanyamba
Samahani natoka nje ya mada kidogo. Binti yangu wa kwanza amemaliza fomu foo, fizikia, kemia na baiolojia amefaulu vizuri ila kwenye fomu za shule walimjazia HKL (historia, kiswahili, kiingereza) kwa sababu shuleni kwao hakukuwa na mwalimu wa fizikia mwaka mzima, wakamwambia sayansi utafeli mbele. Yeye anataka PCB (fizikia, kemia, baiolojia). Inabadilishika au ndo basi?

#49 Mwalimu Chaki
Inabadilishika dada. TAMISEMI wanafungua dirisha kwenye mfumo wa Selform baada ya matokeo, kabla hawajapanga shule, anaingia kwa namba yake ya mtihani anabadili tahasusi mwenyewe. Dirisha likifungwa ni usumbufu sana kwahiyo fuatilieni matangazo, usiachie shule. Na hiyo fizikia ambayo hakuwa na mwalimu aliipataje?

#50 Mama Wawili Nanyamba
Kuna kijana jirani alikuwa chuo, yuko nyumbani hana kazi, alimfundisha chini ya mwembe jioni. Tulikuwa tunampa unga.

#51 Fundi Kompresa
Huyo kijana yuko Nanyamba mpaka sasa? Nina wadogo zangu wawili fomu thrii, unga upo na hela kidogo ipo. Naomba umwambie aniandikie inboksi.

#52 Msuli Usiku Kucha
Na mimi nina mmoja.

#53 Kangomba Huru
Mshaharibu soko, sasa atataka magunia